Kapholda za gari za spoti: kwa nini kikombe kinawekwa mahali kiwiko kinapita?

Ukienda yadi kuangalia gari ya spoti beba chupa ya maji ya nusu lita na ile simu yako unatumia kila siku. Kaa kwa kiti cha dereva, vuta kiti mpaka mguu umalize klachi vizuri, funga mshipi, halafu tafuta pa kuweka hiyo chupa bila kugeuza shingo. Watu hufungua boneti, wanasikiliza eksozi, wanalala chini kuangalia kama chasi imewahi kunyooshwa, na yote hayo ni sawa, mimi mwenyewe ndio kazi yangu, huitwa na watu niwakagulie gari kabla hawajatoa pesa. Lakini kile kitu kitakachokukera kila asubuhi miaka yote utakayokaa nayo hakuna mtu huangalia. Kapholda, mahali pa simu, mfuko wa mlango, kile kisanduku cha mbele ya abiria, vitufe vya AC. Vitu vidogo ambavyo kwa Vitz ya kawaida viko sawa kabisa, na kwa gari ya mamilioni unakuta vimefanywa shingo upande.

Nikiongea hivi kwa wenye magari jibu ni lile lile, ati hiyo ni gari ya kuendesha, kama unataka kunywa chai nunua Noah. Silikubali hilo jibu hata kidogo. Gari ya spoti ya Nairobi inaenda uwanja wa mbio wa Whistling Morans kule Athi River Jumapili moja moja, inazunguka, mwenyewe anafurahi, halafu Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi iko Thika Road na sisi wengine wote, Roysambu mpaka Pangani, gia ya kwanza, nyutro, gia ya kwanza, nyutro, na kukinyesha ndio usiseme. Huyo mtu ametoka kwake bila kunywa chai kwa sababu akichelewa dakika kumi anaikuta foleni imeshafika kwa mlango wa esteti. Ana kikombe, ana simu inamwonyesha njia, ana kadi ya geti ya kazini, ana miwani ya jua. Na mkono wake wa kushoto uko na kazi saa yote. Huyo ndiye anahitaji kapholda nzuri kuliko mwenye Noah.

Shida inaanzia chini ya konsoli, ule mgongo wa katikati ya viti viwili. Hizi gari za spoti za bei ya kufikika nyingi ziko na injini mbele na zinasukuma magurudumu ya nyuma, kwa hivyo giaboksi na propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, vinapita katikati yako na abiria, na juu ya huo mgongo ndio kunapangwa stiki ya gia, hendibreki, vitufe, wakati mwingine na kile kidude cha kuzungusha cha skrini. Kabini yenyewe ni nyembamba na mmekaa chini. Nafasi inayobaki ni ya nyuma kule kiwiko kinapumzika, na hapo ndipo wanatoboa mashimo mawili na kusema kazi imeisha.

Sasa kaa kwa gari ya gia za mkono ya usukani wa kulia kama zetu ufanye polepole uone. Kutoka moja kwenda mbili unavuta stiki nyuma. Tatu kwenda nne, nyuma. Tano kwenda sita, nyuma tena. Kila ukivuta kiwiko kinarudi, na kama chupa imesimama hapo kinaigonga, na ukitaka kuikwepa lazima uinue bega ndio mkono upite juu yake, na hilo bega ukifika Westlands utalisikia. Kuna waliojaribu kuweka shimo mbele ya stiki, lakini hapo gia ya kwanza, ya tatu na ya tano ndizo zinapeleka ngumi kwa kikombe, hasa hivi vikombe virefu vya kahawa ya kubeba ambavyo mfuniko wake unafika kimo cha ngumi kabisa. Kwa hivyo si rahisi, naelewa, lakini watu waliohesabu uzito wa gari mpaka gramu ya mwisho hawawezi kuniambia walishindwa kupima kiwiko cha mtu.

Na kuna hesabu ingine watu hawafikirii. Ukikata kona kwa nguvu ya kama nusu ya uzito wako, na hiyo gari ya spoti inafanya bila hata tairi kulia, kinywaji ndani ya kikombe kinalala upande. Kikombe cha upana wa sentimita 8 kahawa inapanda sentimita 2 upande mmoja na kushuka 2 upande wa pili. Kikombe kikiwa kimejaa na mfuniko ni ule wa kubandika tu, inatoka. Ndio maana kapholda ya gari ya spoti inapaswa kuwa na kina na kubana vizuri kuliko ya gari ya familia, lakini tunapewa kinyume, kijisahani kifupi cha sentimita chache ambacho chupa inasimama ndani ikiyumba, na zile mbavu za raba za kushika zimetolewa ili ipate kuonekana safi kwa picha.

Kuna coupe moja, gari ya spoti ya milango miwili, niliitwa kukagua, sitaitaja, mwenyewe analalamika dirisha la abiria limekwama katikati na ameambiwa mota imekufa. Vitufe vya dirisha vilikuwa kwa konsoli, chini tu ya kapholda, sijui nani alikaa kwa meza akaona hiyo ni sawa. Nikang'oa kile kifuniko kwa bisibisi ya plastiki, ndani chai ya maziwa ilikuwa imeganda rangi ya kahawia imeshika kitufe kama gundi, na sisimizi wamejipanga kutoka kwa zulia wanapanda mpaka juu. Mota ilikuwa nzima. Tukasafisha kwa spiriti na mswaki, dirisha likapanda. Mwenye gari alikuwa ameshaanza kutafuta pesa ya mota kwa maduka ya spea ya Kirinyaga Road.

Twende kwa gari zenyewe sasa, zile unaweza kuziona hapa mjini.

Mazda MX-5, hii ya toleo la ND iliyotoka 2015, Wajapani wanaiita Roadster. Gari naipenda kwa roho yote, nyepesi, kama tani moja tu, usukani unaongea na wewe. Lakini hii ndio darasa la kila kitu nasema. Haina kisanduku mbele ya abiria, hakuna kabisa. Kilichoko ni kisanduku kidogo cha kufunga kwa ufunguo katikati ya migongo ya viti, nyuma ya bega, na ukikaa umefunga mshipi kukifungua ni mazoezi. Kapholda ni mbili, za kuchomeka na kuchomoa, makazi yao ni kule kule nyuma kati ya viti. Unaweza kuchomoa moja ukaichomeka ubavuni mwa konsoli upande wa abiria, na hapo dereva anaifikia vizuri, mkono unashuka tu na kuipata, lakini goti la abiria ndilo linalipa. Abiria mrefu hiyo kapholda inamkaa kwa goti safari nzima. Juu ya hayo kidude cha kuzungusha cha skrini kiko mahali mkono unapenda kupumzika, unaegemea tu kidogo na wimbo unabadilika. Kama unaendesha peke yako, iweke kapholda upande wa abiria na uiache hapo, shida nusu imeisha. Kama mko wawili kila siku, mkubaliane kabla ya kununua.

Toyota 86 ya kwanza na ndugu yake Subaru BRZ, za 2012 kuendelea. Hapa kapholda ni kitrei cha plastiki kimekaa kwa konsoli nyuma ya hendibreki, kinatoka chote ukikivuta. Wazo si baya, unakitoa unapata shimo la kuweka simu na pochi. Lakini hakuna pa kuegemeza mkono, na chupa ikiwa pale kiwiko kinaikuta kila gia ya nyuma kama nilivyoeleza. Zile nyingi nimekagua hicho kitrei hakipo tena, kilitolewa kikapotea, na mnunuzi hajui hata kwamba kilikuwako. Uliza. Mwambie muuzaji akuonyeshe. Toleo la pili la 2021 walisikia, wakaweka kisanduku chenye vifuniko viwili vinavyofunguka kushoto na kulia, kapholda ziko ndani, ukifunga mkono unapata pa kulala. Bado ni nyuma, lakini angalau mtu alikaa akafikiria. Na hii ni gari ya bei ya chini kuliko Supra na Porsche nitakazotaja sasa hivi, kwa hivyo isiwe mtu ananiambia ni mambo ya pesa.

GR Supra ya 2019 sasa. Hii iliundwa Graz, Austria, kiwanda kimoja na BMW Z4, injini ya BMW, na kapholda wameziweka nyuma ya stiki ya gia mahali hasa kiwiko kinatua. Mwanzoni ilikuwa otomatiki tu, ungesema basi mkono hauna kazi, ila mkono ni lazima ukae mahali na mahali penyewe pana chupa. Halafu 2022 wakatangaza ya gia za mkono, injini tamu, stiki tamu, na mashimo yakabaki pale pale. Hapo ndio niliumia. Walifungua konsoli yote ili kuingiza stiki mpya, walikuwa na nafasi ya kurekebisha.

BMW wenyewe wana historia yao na hii kitu. 3 Series ya toleo la E90 ya 2005, ambayo Nairobi iko kila kona, kapholda zote mbili zinachomoza kutoka kwa dashi mbele ya abiria. Dereva akitaka maji yake anavuka mkono mbele ya mtu. Ukipanda na mama mkwe, utamvukia mkono usoni kila ukisikia kiu? Na ni mikono myembamba ya plastiki, ukiona imefungika vizuri bila kukwama kwa gari ya umri huo mshukuru mwenye alikuwa nayo. Iliyofuata, F30, na hata M3 ya 2014 iliyotoka kwa kabini hiyo hiyo, wakaleta kapholda mbele ya stiki ya gia, mahali pazuri zaidi kwa otomatiki, halafu wakazifunika kwa kitrei ambacho lazima ukitoe kabisa ndio utumie, na ukishakitoa unakishika mkononi unashangaa ukiweke wapi. Kitatupwa kwa kisanduku cha abiria mpaka siku ya kuuza gari.

Porsche 911 si nyingi hapa lakini zipo, ukipita Runda au Karen asubuhi ya Jumamosi utaziona. Ya toleo la 997 ilikuwa na kapholda mbili nyembamba zimejificha kwa ule ukanda wa juu ya kisanduku cha abiria, zinatoka kama droo, unazitanua kwa mkono. Ufundi wake unavutia, lakini ni upande wa abiria, maneno ni yale ya BMW. Hii ya sasa ya 992 wameweka moja ya kudumu katikati na nyingine ya kuchomoza kwa dashi ya abiria, kwa hivyo dereva hatimaye amepata yake. Na kampuni hiyo hiyo ina ule mfumo wa kuinua pua ya gari kama sentimita 4, unakumbuka kwa GPS mahali uliinua, ukirudi hapo kesho inajiinua yenyewe. Fikiria hiyo kwa matuta ya Nairobi, tuta la mlango wa esteti, tuta la shule, rampu ya kuingia chini ya jengo, gari inakumbuka zote. Hicho ndicho kitu cha kumsaidia mtu kilichofikiriwa mpaka mwisho. Kama mtu anaweza kufikiria tuta la mlangoni kwangu hivyo, kikombe pia kinawezekana.

Nissan 350Z, Fairlady ya 2002, zimebaki chache na wenye wanazo wanazipenda kufa. Haina kisanduku cha mbele ya abiria, sanduku liko nyuma ya kiti cha abiria. Afande akikusimamisha akataka karatasi unageuka mwili mzima unapapasa nyuma, na yeye anakuangalia kwa dirisha anajiuliza unatafuta nini huko. 370Z iliyofuata ikarudishiwa kisanduku chake, maana yake Nissan pia waliona.

Sitaki watu wafikirie ni kapholda tu. Golf GTI ya Mk8 iliyoingia 2020 walitoa vitufe vya sauti na joto wakaweka kile kibao cha kutelezesha kidole chini ya skrini, na usiku hakiwaki taa. Hakiwaki. Unaendesha usiku Southern Bypass kwenye giza unapapasa plastiki nyeusi kutafuta pa kupunguza AC. Ikabidi 2024 waweke taa na kurudisha vitufe vya kubonyeza kwa usukani. Na kwa barabara yenye mashimo kidole hakiwezi kutelezesha sawa, kinaruka, kitufe cha kuzungusha unakishika na kinakushikilia mkono pia. Mfano mzuri wa kinyume ni Audi TT ya tatu ya 2014, vidhibiti vya AC vimewekwa katikati ya yale matundu ya hewa yenyewe. Unataka baridi, unashika tundu linalotoa baridi, unazungusha. Hakuna mtu anahitaji kuelezwa.

Halafu kuna mambo ya gari zetu za kutoka Japani ambayo si makosa ya aliyechora gari lakini wewe ndio unakaa nayo. Redio yao inaanzia 76 inaishia 90, za karibuni 95, na Radio Citizen iko 106.7, kwa hivyo bila kale kakifaa ka kushusha masafa unasikiliza kelele tu. Na yule mama wa ETC, ile sauti ya kifaa cha kulipia barabara kule Japani, anayekukumbusha kwa Kijapani kila ukiwasha gari kwamba hujaweka kadi ya barabara ya kulipia. Kale kasanduku kake kwa coupe hufichwa mahali pagumu, chini ya dashi au ndani ya kisanduku, na mara nyingi kamekalia nafasi ndogo ambayo ungeweka kitu. Mwambie fundi akatoe kabisa, asikate waya tu na kukaacha hapo. Hiyo nafasi iliyobaki nimeona mtu ameifanya mahali pa tiketi ya parking, na hiyo si kitu kidogo, kwa sababu kwa gari ya chini mashine ya mall iko juu ya kichwa chako, unafungua mshipi ndio ufike, na tiketi ukishapewa kama hakuna pa kuichomeka inaishia mdomoni.

Kuhusu zile kapholda za kubana kwa tundu la AC ambazo vijana wanauza kwa jam, kwa hizi gari usinunue. Matundu ya duara kama ya MX-5 haziwezi kushika sawa, na kwa matundu ya vibao uzito wa nusu lita ya maji ukiruka kwa tuta unavunja vile vibao, na kutafuta tundu zima la gari ya spoti huku si mchezo. Ya kuchomeka kati ya kiti na konsoli ni afadhali, ila hakikisha kwanza haizibi ile kichwa ya mshipi, na uisukume mbele mpaka iwe mbele ya kiwiko. Bora zaidi ni kumpelekea fundi wa viti anayefanya ngozi na povu, umwonyeshe chupa yako na flaski yako, akutengenezee kipande cha kukalia hayo mashimo ya nyuma kigeuke mahali pa mkono, halafu kikombe upewe nafasi mpya ubavuni, chini ya goti la kushoto kama kuna upana. Jaribu gia zote sita na kikombe kikiwa na maji kabla hujamlipa.

Mtu akiniuliza leo ni ipi ya kuchukua kwa mtu wa foleni kila siku na bado anataka gari ya kumchekesha Jumapili, namwambia 86 ya toleo la pili, ya gia za mkono. MX-5 namwambia kama anakaa peke yake kwa gari. Supra ya gia za mkono namwambia aendeshe kwanza Waiyaki Way saa moja asubuhi na kikombe kimejaa, kisha anipigie simu.